Kitafunio cha Mtoto na Unga wa Samaki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, Dodoma. Msomaji ni karani na mwanachama mwenzetu. Ameombwa aitoe ipigwe chapa, ili wenzetu walio katika vituo vya mbali waisome.)



Katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za mishahara, za vyeo, za nyumba na za likizo, nayo ni mambo yenye haki yake. Lakini leo nataka kusema juu ya jambo dogo, liwezalo kushikwa na mtoto wa miaka miwili katika kiganja chake, yaani kitafunio. Nasema juu ya kashata, bagia, andazi, karanga na bisi, vitu ambavyo watoto wetu hula baina ya mlo na mlo. Pamoja na hivyo nitasema juu ya kitu kidharauliwacho zaidi, nacho ni kichwa, mfupa na mkia wa samaki. Naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nianze kwa kuitaja aibu yangu mwenyewe, asije mtu akadhani kwamba nimekuja hapa kuwafundisha wakubwa wangu.

Mwaka juzi nalimpeleka binti yetu wa pili kliniki. Umri wake ulikuwa miezi ishirini. Hakuwa mgonjwa; alikuwa akicheka, na njiani alikuwa akinivuta kola ya shati. Muuguzi akampima uzito, kisha akamlaza juu ya ubao akampima urefu, akatia nukta katika kadi. Akaitazama ile nukta, akanitazama na mimi, akaniuliza kwa adabu, “Baba, unafanya kazi gani?” Nikamjibu, “Mimi ni karani wa Serikali, dada.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mtoto huyu hana njaa, baba. Lakini amedumaa.”

Mabwana, neno lile nililibeba mpaka nyumbani kama mtu abebaye mzigo usio wake. Nilikuwa na mshahara. Gunia la unga lilikuwa limesimama pembeni mwa jiko. Yawezekanaje mtoto wa nyumba yenye unga akadumaa? Basi usiku ule nikakaa na mama watoto, nikachukua kalamu na karatasi, nikafanya hesabu ya kinywa cha mtoto wangu kama vile nifanyavyo hesabu za ofisi. Asubuhi, uji wa mahindi na sukari. Mchana, ugali na mlenda. Jioni, ugali na maharage, naye maharage yenyewe huyaacha, hunywa mchuzi. Na katikati? Katikati ndipo nilipoona ajabu. Biskuti, bisi, barafu ya rangi, andazi, pipi. Kila asubuhi nikiondoka kwenda kazini nalikuwa nikiacha shilingi mia mbili mezani “kwa ajili ya mtoto.” Fedha ile yote ilikuwa ikirudi tumboni mwake kwa namna tatu tu: sukari, mafuta na wanga. Hapakuwa na kitu cha kujengea mwili. Ndipo nilipofahamu kwamba nalikuwa nikiununua udumavu kwa fedha yangu mwenyewe, kila siku, bila stakabadhi.

Haya si yangu peke yangu. Hesabu za nchi zinasema kwamba mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34, na mwaka 2022 walikuwa 30. Twamshukuru Mungu kwamba hesabu inashuka. Lakini watatu katika kila kumi si hesabu ya kujivunia. Mkiwaita watoto kumi wa mtaa wenu wasimame mstari, watatu wasimame kando, mtaona uzito wake. Wala udumavu si ufupi tu. Watu wafupi wenye afya na akili wapo, na wamo hata katika chumba hiki. Udumavu ni kwamba mwili ulikosa vifaa wakati wa kujengwa, na ubongo nao hujengwa wakati huo huo. Waganga husema kwamba siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto atimize miaka miwili, ndizo zenye kazi kubwa, na zikiisha kupita ni vigumu kulipa deni lake. Watu wa pwani husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumezoea kuitumia kwa tabia. Leo naitumia kwa mifupa na akili.

Sasa tuitazame nchi yetu hii ya katikati. Sisi tukaao juu ya uwanda huu twaijua mvua yake: yaja msimu mmoja, yapata Desemba mpaka Aprili, na mwaka mwingine huja kama mgeni asiyeketi. Wazee wa Ugogo wameacha majina ya njaa kama vile wengine waachavyo majina ya wafalme. Ile ya mwaka 1917 hata 1920, iliyofuata vita vya Wazungu vilivyokomba ng'ombe, nafaka na vijana, waliiita Mtunya, nayo iliua watu wengi mno. Basi si ajabu kwamba kwetu neno “njaa” maana yake ni ghala tupu, na neno “shibe” maana yake ni ghala lenye kitu. Lakini iko njaa ya pili, nayo hukaa ndani ya nyumba yenye ghala. Tumbo limejaa, mtoto analala vizuri, na mwili wake unalia kwa lugha tusiyoisikia. Hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kadi ya binti yangu.

Mwili hujengwa kwa kitu kiitwacho protini. Mtama, uwele na mahindi vinayo protini, lakini haikutimia. Protini ni kama ukuta wa matofali ya namna namna, nazo nafaka zetu zina upungufu wa tofali moja liitwalo laisini. Tofali moja likikosekana, fundi husimama, ijapokuwa matofali mengine yamelundikana uwanjani. Tofali hilo limo katika kunde na maharage, katika maziwa, nyama na mayai, na kwa wingi sana limo katika samaki. Tena samaki akila pamoja na nafaka, hata akiwa kidogo, huifanya ile protini ya nafaka itumike vema zaidi. Ndiyo sababu nasema samaki hana haja ya kuwa kitoweo kizima. Kijiko kinaweza kufanya kazi.

Na hesabu ya kijiko ni hii. Dagaa mkavu, uzito wake zaidi ya nusu ni protini. Gramu kumi za unga wa dagaa, yaani vijiko viwili hivi vidogo, zina yapata gramu sita za protini, nazo ni sawa na za yai moja. Mtoto wa mwaka mmoja hata mitatu hahitaji zaidi ya gramu 13 au karibu yake kwa siku nzima. Basi vijiko viwili vidogo ni karibu nusu ya haja yake. Tena unga ule una mfupa ndani yake, na mfupa una kalsiamu. Na kichwa cha dagaa, ambacho nyumbani kwangu kilikuwa kikikatwa na kutupiwa kuku, kina mafuta na vitamini ambazo mnofu hauna kwa kiasi kile. Kuku wangu walikuwa na afya njema sana, mabwana.

Labda mtaniuliza: sisi watu wa nyika, samaki twampata wapi? Nawajibu, milango ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni Mtera, bwawa la mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Samaki wake huletwa mjini, wabichi na waliobanikwa. Mlango wa pili ni dagaa wa maziwa. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Njia hizo ndizo zilizoyafungulia maziwa mawili, Tanganyika na Victoria, mlango wa kuja kwetu. Nendeni soko la Majengo mkatazame magunia.

Mlango wa tatu wataka maelezo, maana ndani yake mna jambo la heshima. Katika Ziwa Victoria kuna samaki mkubwa, sangara, ambaye si wa ziwa lile kwa asili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1990 vilisimama viwanda Mwanza na Musoma vya kumkata minofu na kuipeleka nje, hasa Ulaya. Mnofu haufiki nusu ya samaki. Bondo lake hukaushwa, nalo huuzwa Uchina kwa bei ya juu kabisa. Kinachobaki ni kichwa na mgongo wenye nyama nyama kati ya miiba. Hicho ndicho watu wa Mwanza wakiitacho mapanki. Hununuliwa kwa fedha ndogo, hukaushwa juani, hukaangwa, huliwa na watu wa kipato cha chini; na mengine husagwa yakawa chakula cha kuku.

Mwaka 2004 ilitoka sinema iitwayo Darwin's Nightmare, ya mtu mmoja aitwaye Hubert Sauper, iliyoyaonyesha mapanki hayo ulimwenguni kote kama alama ya dhiki. Watu wa kwetu wengi waliudhika, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Mimi sikuja kuamua kesi ile. Lakini najiuliza: ni nini hasa kilichotutia haya? Kula kichwa cha samaki si aibu. Wako watu wengi wa pwani wakipendao. Aibu iko mahali pengine, nami nitaionyesha kwa habari moja.

Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria wasiingie kwao, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba wavuvi wengine wanavua kwa sumu. Viwanda vikashtuka. Wakaguzi wakaongezwa, vipimo vikafanywa, na baadaye mlango ukafunguliwa tena. Vizuri sana. Lakini samaki ni mmoja. Nusu yake ina barafu, ina mkaguzi mwenye koti jeupe, ina cheti chenye mhuri. Nusu ya pili ya samaki yule yule, ile iliwayo na watoto wetu, ina jua, mchanga na nzi. Hiyo ndiyo aibu, mabwana, wala haimo katika mfupa. Imo katika kudhani kwamba mfupa ukiwa wa mtu wa kwetu hauhitaji usafi.

Kwa hiyo ninalolileta mbele yenu si kwamba tule makombo. Nasema kilicho chakula kitendewe kama chakula tangu mwanzo, kisha kitiwe ndani ya kile ambacho watoto wanakipenda tayari.

Neno hilo la mwisho ni kubwa, nami nitatoa mifano miwili ya mbali. Mwaka 1967 Serikali ya Marekani iliruhusu unga wa protini ya samaki utumike kuwa chakula cha watu. Ulikuwa mweupe, hauna harufu, umetengenezwa na wataalamu kwa mitambo ya thamani, nao walitumaini kwamba utaondoa njaa ya ulimwengu. Haikupita miaka mingi jambo lile likafifia. Ulikuwa na gharama, nao haukuwa chakula cha mtu ye yote: hakuna nchi ambayo mtoto huamka asubuhi akalilia unga mweupe usio na ladha. Mfano wa pili ni wa Japani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtengeneza dawa mmoja wa Kumamoto, Yoshimaru Suekichi, aliona kwamba watu wa nchi yake wana upungufu wa kalsiamu. Akasaga mifupa ya samaki, akaichanganya na ufuta na viungo vingine ili kuondoa ukali wa harufu, akawaambia watu wainyunyize juu ya wali. Hakuwapa chakula kigeni. Aliukuta wali mezani akaongeza kitu. Hata leo Wajapani hununua vinyunyizo vya namna ile, na wengi wao hawafikiri habari za kalsiamu hata kidogo. Hununua kwa kuwa ni vitamu.

Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali kupata funzo hilo hilo. Hapa Kongwa, tangu mwaka 1947 hata 1951, Waingereza walifungua mashamba makubwa ya karanga, wakaleta matrekta na mamilioni ya fedha, ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula kwao. Hawakuiuliza ardhi. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua ikawa haba, mpango ukafa. Lakini karanga hazikufa. Kina mama wa kwetu wanaendelea kuzilima katika vishamba vyao, nao huzikaanga na kuziuza stendi na penye shule. Mpango mkubwa ulianguka, kitafunio kikabaki. Mimi katika jambo hili nataka kuwa upande wa kitafunio.

Sasa nieleze tulivyofanya nyumbani, pamoja na kosa letu.

Mara ya kwanza nalikuwa na haraka kama mtu aliyesoma kitabu kimoja. Nikanunua dagaa wa bei ya chini kabisa, tukawatwanga vivyo hivyo, nikamwambia mama watoto atie unga ule katika kashata za karanga. Akaniangalia kwa huruma, akatia. Sukari na dagaa havikupatana, na mchanga ulilia menoni. Binti yetu alitema. Kaka yake akauliza kama kashata zimeoza. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, alionja, akaweka chini taratibu, akasema, “Baba, mchanga nao una vitamini?” Jibu sikuwa nalo.

Yeye ndiye aliyetutengenezea. Alisema, “Kitu cha samaki kifuate chumvi, kisifuate sukari.” Basi tukafanya hivi. Nunua dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, si juu ya mchanga. Rangi yao hung'aa na harufu yao haichomi. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, mpaka chini ya bakuli pasibaki mchanga, na maji ya mwisho yatie ndimu. Waanike juu ya chekecheke safi, wafunike kitambaa chepesi, nzi wasitue. Wakikauka wakaange bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole. Watwange pamoja na vichwa vyao. Chekecha mara mbili. Kinachobaki juu rudisha kinuni. Unga huo uweke katika chupa yenye kifuniko, mahali pakavu, nawe usitengeneze zaidi ya wa wiki mbili, maana mafuta ya samaki huvunda.

Kisha tukapika bagia za kunde. Kunde ni zao la nchi yetu, hulistahimili jua. Loweka, menya, saga, tia kitunguu, tangawizi na chumvi kidogo. Na katika kila vikombe kumi vya kunde zilizosagwa tia kikombe kimoja cha unga wa dagaa. Zaidi ya hapo harufu hutawala. Siku ile watoto wa jirani walikuja kuomba bagia. Hawakuuliza zina nini, nami sikuwaambia. Baadaye tukatia unga ule katika vijiti vya unga wa mtama vya chumvi, na kijiko katika uji usio na sukari nyingi. Na ubuyu, ambao sisi wa Dodoma twaupita njiani kama mawe, tukaufanya kinywaji cha kuteremshia bagia, maana una vitamini C nyingi, nayo husaidia mwili kulipokea chuma lililomo katika kunde na mtama.

Mapanki ni kazi nyingine. Mfupa wa sangara ni mgumu; kinu cha nyumbani hakiuwezi. Nyumbani waweza kuchemsha na kutoa nyama iliyobaki, ukaikausha na kuitwanga. Mfupa wenyewe wataka mashine na moto wa mvuke, na kazi hiyo yafaa ifanywe na kikundi chenye mtaji, chini ya maonyo ya wakaguzi.

Lazima nitaje hatari, maana mtu asifuye chakula bila kutaja hatari zake ni mfanyabiashara, si mwenzenu. Kwanza, mtoto aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, wala tusimtilie kitu kingine. Pili, wako watoto ambao mwili wao huwakataa samaki; anza kwa kidogo, ukiona vipele, kuvimba au kutapika, acha, mpeleke kwa mganga. Tatu, usinunue dagaa waliouzwa kuwa chakula cha kuku ukamlisha mtoto. Gunia lile halikuwekwa kwa ajili ya kinywa cha mtu. Nne, unga uwe laini kabisa, mwiba usibaki. Tano, karanga na mahindi. Mwaka 2016 katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafa. Sumu ile hutokana na ukungu uingiao katika nafaka na karanga zisizokauka vema, nayo kupika hakuiondoi. Basi karanga za kitafunio zichaguliwe moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyotoboka itupwe, wala asipewe hata kuku. Ukitia samaki mzuri katika karanga mbovu umepamba jeneza.

Najua yako mambo mtakayonipinga. Mzee mmoja wa chama hiki, aliposikia kichwa cha hotuba yangu, aliniuliza, “Mwanangu, tumesoma hata tukawa makarani, leo watuambia tuwape watoto chakula cha kuku?” Namheshimu, nami namjibu kwa heshima. Babu yangu mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ombe, naye samaki alimwita nyoka wa majini; alikufa bila kumwonja. Hakuwa mjinga, kwa kuwa alikuwa na maziwa. Sisi wajukuu tumekuja mjini, ng'ombe tumewaacha, maziwa twayanunua kwa kikombe. Na mahali pale palipokuwa na maziwa tumeweka soda. Tumeondoa kitu tusirudishe kitu. Wala kuku hana kosa: amekula alichopewa, akakua. Kama twamlisha kuku dagaa ili tumle kuku, lakini kuku mwenyewe twamla Krismasi na Idi tu, basi mtoto wetu anangoja protini yake izunguke mwaka mzima.

Mwingine atasema, hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, nayo haikukaa kimya. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Chumvi yetu hutiwa madini joto, na kanuni za mwaka 2011 zilikuja kuhusu kutia virutubishi katika unga na mafuta ya viwandani. Lakini bagia haitoki kiwandani. Andazi la mlangoni pa shule halina kanuni ila mkono wa mama alipikaye na sarafu ya baba alinunuaye. Na sarafu ile, mabwana, ni yetu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo si makubwa. La kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto mdogo afanye ile hesabu ya kinywa kwa muda wa siku saba, aandike kila kitu, hasa kile cha katikati. Kisha apeleke mtoto akapimwe urefu, si uzito tu. La pili, kamati yetu ichague kina mama wachache kati ya wale wanaotuuzia vitafunio karibu na ofisi, tuwakopeshe kutoka katika mfuko wa chama fedha za kununulia dagaa safi na chekecheke, watufanyie bagia zenye unga wa samaki, nasi tuahidi kuzinunua. Wakitaka baadaye kufunga katika pakiti na kuuza madukani, waende Shirika la Viwanda Vidogo na Shirika la Viwango wapate njia ya halali. La tatu, tununue dagaa wa vichanja, hata kama bei yao imezidi kidogo. Mkausha dagaa ataacha mchanga siku atakapoona kwamba wanunuzi wameuacha kabla yake.

Mtataka kujua habari za binti yangu. Yu mzima, naye amekuwa mjuvi wa bagia. Nukta zake katika kadi zimeanza kupanda, ingawa bado ziko chini ya mstari tunaoutamani. Sidai kwamba unga wa samaki ndio uliomwinua peke yake. Tulimpa pia dawa ya minyoo, tulianza kunawa mikono kwa dhati, na mama yake alipunguziwa kazi za nyumbani, nami nikazitwaa baadhi. Wala sijui kama deni la ile miezi ishirini litalipika lote. Hilo ndilo liniamshalo usiku, na ndilo lililonileta mbele yenu leo, maana wako kati yenu walio na watoto wa miezi sita, nao muda wao haujaisha.

Siku hizi niondokapo asubuhi bado naacha shilingi mezani. Lakini sasa najua zinanunua nini.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Bagia ziko pale mezani chini ya kitambaa. Naomba wajumbe waonje kwanza, ndipo waulize maswali.